Punda Aliyeingia Kitabu Kisicho Chake

Neema na Salma,

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na nane. Msicheke. Daktari alinisikiliza kifua, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu nashona vitabu, akanitazama kana kwamba nimemwambia nashona mawe. "Vumbi la karatasi kuukuu na gundi ya kopo," akasema, "chagua hayo au chagua mapafu." Nimechagua mapafu, kwa shingo upande. Meza ya ukarabati sasa ni yenu. Dada Anjela wa dawati la mbele alinishauri niwaachie orodha tu ya vitabu nilivyovipenda na nilivyovichukia mwaka wangu wa mwisho, iwasaidie kujua kipi cha kuwahi kushona. Nitajaribu. Lakini nawaonya mapema kwamba katikati kuna punda, na mpaka leo nikimkumbuka naishiwa maneno.

Nilifika maktaba na cheti cha kidato cha nne ambacho sikupenda kukionyesha watu. Kwetu ni watu wa mjini hapa. Mababu walikuja na misafara ya biashara, wakafika Dodoma wakachoka, wakafungua maduka. Baba alitaka nisimame dukani niuze vitenge. Mimi nilikuwa naota kuandika kitabu. Hivi ndivyo nilivyokikaribia zaidi, kwa brashi ya gundi.

Siku ya kwanza nilimkuta Mama Tunu, ambaye ninyi mmemkuta akiwa mpole kidogo kwa sababu ya umri. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Najua, Mama."

"Bahati mbaya. Fundi anayesoma hashoni. Nilikuwa na kijana hapa, alianza kitabu Jumatatu, nikamkuta Alhamisi analia, na uzi uko palepale kwenye tundu la kwanza."

Akanipa vifaa. Sindano, uzi wa pamba uliopakwa nta, msharasi wa fundi viatu wa kutobolea, mpini wa kijiko wa kulazia mkunjo, mbao mbili zenye bolti za kubania, na kitambaa cha marekani cha kutia mgongoni. Vyote mnavyo. Mpini wa kijiko ni uleule, msikubali mtu auchukue akorogee chai. Gundi ya unga wa ngano mtie shabu kidogo, mende hawaipendi. Na upepo wa Juni ukianza fungeni dirisha kabla ya kufungua kopo, maana kwa ukavu wa Dodoma gundi hukauka kabla brashi haijafika kwenye karatasi. Mimi hilo nilifundishwa na brashi tatu zilizogeuka fimbo.

Jambo jingine nililojifunza siku ile ni kwamba mezani kwetu vitabu havina majina. Jalada likishatoka jina limekwenda nalo, na Mama Tunu anasema majina yanachelewesha. Kitabu kinaitwa kwa ugonjwa wake. Kilichovunjika uti ni Mgongo. Kilichochunika jalada ni Ngozi. Kinachodondosha kurasa ni Meno. Mtu akiingia atasikia, "Meno wawili na Mgongo mmoja wanasubiri, mleteni Ngozi kwanza," atadhani ni zahanati. Nilicheka mwezi mzima. Baadaye nikawa nasema hivyo nyumbani, mama yangu akaniombea dua.

Miaka ikaenda. Nilitii, sikusoma. Nilijua tu vitabu kwa dalili, na dalili hazidanganyi. Kiweke kitabu chini ya mkono, kiache kifunguke chenyewe. Kinapofunguka ndipo watu wanapopenda. Kitabu kinachopendwa hufa mgongo, kisichopendwa huliwa na mchwa. Kisha kikohozi kikaanza, nikajua siku zangu mezani si nyingi, na nikaona ni aibu kuondoka jikoni bila kuonja. Kuanzia hapo kila kitabu kilicholazwa mezani kwangu nilikisoma kwanza, ndipo nikakishona. Mama Tunu alijua. Alikuwa ananiangalia juu ya miwani, anasonya.

Sasa orodha.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa kile cha jalada la dhahabu cha kufundisha mafanikio. Kilikuja kama Ngozi. Kurasa ishirini za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa vidole, za ishirini na moja mpaka mwisho nyeupe kama zimetoka kiwandani jana. Watumishi waliohamia na serikali, wanafunzi, mama wa mgahawa, wote walikuwa wamekwama palepale. Nilikisoma chote, nikagundua wenzangu walikuwa na akili kuliko mimi. Kwa kurasa mia mbili mtu anakuamuru uamke alfajiri. Watu wa kwetu wanaamka alfajiri tangu enzi za misafara na bado tuko tunavyoonekana.

Cha pili kwa ubaya ni cha msafiri aliyepita uwanda huu wetu akaandika nusu ukurasa kwamba hakuna kitu, vumbi tu. Alipita Julai. Ungepita jikoni kwa mtu saa tisa mchana ukasema nyumba hii hawali? Na kuna riwaya moja, siitaji kwa ugonjwa wala kwa jina, ambamo mwanamke mzuri anauawa kwenye ukurasa wa arobaini ili mume wake apate funzo. Ile niliishona kwa hasira, na mshono ulikaza kuliko yote niliyowahi kushona. Haitafumuka leo wala kesho, samahani.

Vizuri vilikuwa vingi, na hapo ndipo nilipokuwa nashtuka. Sikujua. Miaka yote ile nilikuwa nimekaa juu ya shimo la asali nikidhani ni kiti. Kulikuwa na mwongozo wa kufuga kuku ambao pembeni wasomaji walikuwa wameandikiana. Mmoja: "Huyu hajawahi kufuga." Chini yake mkono mwingine: "Na wewe je?" Chini yake tena: "Ninao thelathini, njoo mtaa wa Kikuyu uwaone." Nilicheka mpaka nikakohoa. Kulikuwa na mashairi ya mama mmoja kuhusu meno ya mwanawe wa kwanza, mepesi, ya kuimbika, niliyasoma nikiwa nimesimama.

Na kulikuwa na Meno wawili.

Walikuja siku moja, mwezi wa tatu, mvua ikiwa imewalowesha watu na mikoba yao. Hadithi mbili za kiwanda kimoja cha uchapaji, kimo kimoja, karatasi ileile ya rangi ya chai ya maziwa, kurasa mia na sitini kila kimoja. Niliwatoa majalada. Cha kwanza kilikuwa cha huzuni: baba amemfukuza binti yake, Rehema, miaka inapita, baba anazeeka, anaamua kwenda kumtafuta. Mwishoni anafika mpaka kwenye ua, anasikia watoto wanacheka ndani, anaona haya, anarudi alikotoka. Rehema kesho yake anakuta nyayo nje ya ua, hajui ni za nani. Basi. Cha pili kilikuwa cha kuchekesha. Baba anapoteza punda siku ya gulio, anamtafuta kijiji kizima na kila anayemuuliza anamsimulia shida zake mwenyewe. Mwishoni punda amepatikana, baba anarudi nyumbani amechoka, binti yake anamwambia, "Baba, umechelewa, ugali umepoa. Haya, nawa mikono." Binti naye anaitwa Rehema. Waandishi wetu bwana, kila binti lazima awe Rehema.

Nilimaliza kile cha huzuni Ijumaa karibu na adhuhuri, macho yamevimba, na vitabu vyote viwili vilitakiwa dawatini mchana uleule. Nilikuwa nimelaza mikunjo, yale mafungu ya kurasa kumi na sita yanayoshonwa kuwa kitabu, kifudifudi, marundo mawili kandokando. Nikaokota, nikatazama namba za kurasa, zimefuatana vizuri mpaka mia na sitini, nikatoboa, nikashona, nikabana. Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo mchapaji huweka herufi ndogo ya kukuambia mkunjo huu ni wa kitabu gani. Mama Tunu alinionyesha herufi ile siku yangu ya pili kazini. Ijumaa ile sikuitazama.

Wiki mbili baadaye akaja Mzee Ndahani. Huyu mtamzoea kumsikia. Ni mwashi aliyestaafu, Mgogo wa Mkonze, mjane, alikuwa anachukua kitabu kila Alhamisi. Akikirudisha lazima apite dirishani kwangu atazame tunavyojenga, maana kwake kitabu ni ukuta, mikunjo ni matofali. Ataniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," na nisipoitikia vizuri haondoki.

"Mbukwa, Mpwani uliyepotea njia."

"Mbukwa, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mjukuu, kitabu hiki." Akakiweka dirishani, akakipiga kofi dogo la mapenzi. "Mwaka huu wote sijasoma kama hiki. Huyu mwandishi ni fundi. Ila nina swali moja."

"Uliza, Babu."

"Punda katokea wapi?"

Nilikuwa nimeshika sindano. Nikaiweka chini.

"Punda yupi, Babu?"

"Si huyu wa mwisho. Baba kaenda kwa binti yake, moyo unamdunda, sura inakwisha. Nafungua sura nyingine, naambiwa punda amepatikana. Nikasema, punda? Nikarudi nyuma, sijaona punda. Nimewaza siku tatu, nikiwa kitandani, nikiwa shambani. Halafu nikaelewa. Punda ni fumbo. Ni moyo wa yule baba. Miaka yote umepotea, unatangatanga, siku ile umerudi na kamba yake shingoni. Ndipo binti anamwambia umechelewa, ugali umepoa. Hamuulizi chochote. Kama vile alitoka asubuhi." Akatoa leso, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Niliposoma hapo, mjukuu, nililazimika kutoka nje."

 Nilikiona kitabu chote akilini, uzi wangu mweupe umepita katikati ya matumbo ya hadithi mbili. Nikataka kusema. Akaniwahi.

"Jumamosi nakwenda Mlali. Kwa Yunisi."

"Yunisi ni nani, Babu?"

"Binti yangu." Akatazama pembeni. "Aliolewa na mtu nisiyemtaka, nikamwambia asikanyage kwangu. Mama yake alipofariki alikuja msibani. Nikawaambia watu asisogee kaburini. Wenzake wakatupia udongo, yeye kasimama kule kwenye miti. Huu mwaka wa sita." Akakisukuma kitabu upande wangu. "Nilikuwa nasema, mtu akishafanya hivyo atarudi na uso gani? Sasa nimeona. Unaambiwa umechelewa, unanawa, unakula."

Akaaga, akaenda.

Nilimwita Mama Tunu, nikamwonyesha herufi mbili chini ya kurasa. Alizitazama, akanitazama mimi juu ya miwani. 

"Ulikuwa unasoma."

"Nilikuwa nasoma."

"Basi umuendee."

"Mama, nikimwambia hatakwenda."

"Na usipomwambia akaenda, akafungiwa mlango, akarudi akafa kwa aibu, utamwambia mwandishi ndiye kasema? Yule mtu amejenga juu ya tofali lako, Mwajuma. Kamwambie ni bovu. Kujenga au kubomoa ni yeye."

Ijumaa baada ya swala nilikwenda Mkonze. Nilikuwa nimefumua kitabu cha punda kwa wembe, nikatoa zile kurasa kumi na sita za kweli, nikaziweka kwenye bahasha. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kusema, nikifika kwenye neno "samahani" nasahau yote.

Nilimkuta anapiga lipu ukuta wa choo. Nikamweleza hapohapo nimesimama: Meno wawili, herufi, Rehema wawili, punda si fumbo, punda ni punda. Alinisikiliza huku mwiko umesimama hewani na saruji inadondoka.

"Kwa hiyo yule baba wa kweli alifanyaje?"

"Iko humu, Babu."

Akatazama mikono yake, imejaa saruji. "Nishikie."

Basi nilisimama mbele yake nimemshikia kurasa kifuani kama picha ya pasipoti, yeye anasoma kwa midomo, akimaliza ananionyesha kwa kidevu, namfunulia. Kurasa kumi na sita. Jua la saa nane. Aliposoma kuhusu nyayo nje ya ua aliacha kusogeza midomo. Nikajua nimemmaliza. Nikajiandaa kumshika.

Akasema taratibu, "Huyu kaandika kweli."

"Nisamehe, Babu."

"Kaandika kweli kabisa. Mimi nilishafika pale."

"Wapi?"

"Uani kwa Yunisi. Mara mbili. Ana ua wa minyaa. Mara ya kwanza alikuwa anatwanga, nikasikia mchi, nikarudi. Mara ya pili kulikuwa na mtoto anakohoa ndani, nikasimama mpaka akaacha, nikarudi stendi. Hakuna aliyeniona. Sikumwambia mtu." Alikuwa ananitazama kwa mshangao mkubwa kuliko wangu, kana kwamba mimi ndiye niliyemfuata siku hizo nikaandika. "Kwa hiyo hiki cha kweli mimi sikihitaji, mjukuu. Nimeshakiishi. Kesho nakwenda na kile chako cha makosa."

"Lakini Babu, Yunisi si Rehema. Hajui kuhusu ugali. Anaweza akakufukuza."

"Anifukuze basi. Afadhali afukuze mtu kuliko nyayo."

Akachota lipu, akaendelea. Lipu ilikuwa inakauka.

Jumatatu nilivishona vitabu vyote viwili upya, kila mkunjo kwake, herufi nikazisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kitabu nilichokipenda kuliko vyote mwaka ule, kwa hiyo, hamtakikuta rafuni. Kilikuwapo wiki mbili na siku chache, kikasomwa na mtu mmoja, nikakifumua mwenyewe kwa wembe. Mtakaowakuta ni wazazi wake wawili, wamekaa mbalimbali.

Alhamisi Mzee Ndahani hakuja. Alhamisi iliyofuata hakuja. Kila mlango ulipolia nilinyanyua kichwa, mpaka Mama Tunu akasema nitavunjika Mgongo. Ya tatu hakuja. Nilishaamini nimemuua mtu kwa uzi na sindano. Nilikuwa nakohoa na kulia pamoja, watu wakadhani ni kifua.

Alikuja wiki ya tano, mweusi kwa jua, kucha zimejaa udongo mwekundu. Nilipokea maamkizi yake vibaya, hakunirekebisha.

"Babu, alisema nini?"

"Hakusema. Alitoka, akaniona, akarudi ndani. Nikasimama nje ya ua tangu saa nne. Wajukuu wakaja kunitazama kama ng'ombe wa mnada. Mmoja akaleta kigoda, mama yake akaita, 'Rudisha.' Akakirudisha. Nikajua hesabu yake, ananisimamisha kama nilivyomsimamisha msibani, nami sikuondoka. Jua lilipoanza kulala, mume wake, yule niliyemkataa, akanipeleka kwa jirani nikalala."

"Halafu?"

"Asubuhi nikarudi palepale. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno, nikafungua mdomo yakatoka mengine. Nikasema, nilikunyima udongo wa mama yako, Yunisi, na sina wa kukulipa.  Akasema, 'Wewe mzee, leo tunapalilia karanga. Jembe liko pale.'"

Akanionyesha viganja. Malengelenge ya mwashi aliyesahau jembe.

"Nimepalilia wiki nne. Tunapalilia hatuongei. Juzi jioni ndiyo aliniuliza kama mama yake alipata maumivu mwishoni. Nikamweleza yote. Alikuwa anamenya karanga, akaacha, akaendelea."

"Ameshakuita baba?"

"Bado. Ananiita wewe mzee." Hakusema kwa unyonge. Alikuwa kama mtu anayetaja mahali ukuta ulipofika. "Jana nikamwambia, naenda Dodoma mara moja, kuna vitu vya kufunga kule, nitarudi Jumatatu. Akaendelea kumenya karanga, nikadhani hakusikia. Nikashika mkoba wangu. Ndipo akasema, bila hata kugeuka, 'Jumatatu ni mbali.'"

Ilikuwa Alhamisi, basi la Kongwa, la kumfikisha Mlali, linaondoka saa nane. Akaweka kadi yake ya maktaba dirishani, ile iliyolainika kama kitambaa. Alikuwa amekuja kuifunga. Nikachukua fomu kwa Dada Anjela nikamjazia mwenyewe, kwa sababu vidole vyake havikutaka kushika kalamu. Jina, mtaa, vitabu anavyodaiwa hakuna. Nikafika kwenye sababu ya kuacha uanachama, nikamwuliza niandike nini, amehama au anasafiri.

Alifikiri kidogo, huku anatazama saa ya ukutani.

"Andika nimeitwa."